Usiandike websaiti lumbesa: jinsi ya kuonekana Google bila kushindilia maneno

Kuna ukurasa mmoja niliandika miaka ya nyuma, wa mzee mmoja anachimba visima Dar, mpaka leo nikiukumbuka naona aibu. Ulianza hivi:

"Je, unatafuta huduma ya kuchimba kisima Dar es Salaam? Sisi ni wataalamu wa kuchimba kisima Dar es Salaam bei nafuu. Huduma yetu ya kuchimba kisima Dar es Salaam bei nafuu ni bora kuliko kampuni zote za kuchimba visima Dar es Salaam. Kwa kuchimba kisima Dar es Salaam bei nafuu, piga simu sasa."

Hiyo ni aya moja tu. Ukurasa mzima ulikuwa na hilo neno la kutafutwa, "kuchimba kisima", mara 31, nakumbuka kwa sababu nilikuwa nalihesabu mwenyewe na plagini (kile kiprogramu cha kwenye websaiti kinachokagua maneno yako) ilikuwa inaniwashia taa ya kijani kila nikiongeza, basi nikajiona fundi. Wiki kadhaa baadaye mzee akanipigia: "Mdogo wangu, kuna mteja ananiuliza hii websaiti yenu imeingiliwa na wezi wa mtandao au ndo mlivyoiandika?" Sikuwa na jibu. Na huko Google kwenyewe ukurasa ulikuwa haupo, labda uutafute kwa jina la kampuni.

Kwa wasiojua, lumbesa ni lile gunia linaloshindiliwa mpaka linaota kichwa juu, linafungwa na kamba, na mkulima analipwa kama gunia moja. Ukurasa wangu ulikuwa lumbesa ya maneno. Nitaelezea jinsi tulivyouandika upya, maana nimeona watu wengi wanaoandikia wateja websaiti za Kiswahili bado wako pale nilipokuwa mimi, na siku hizi ni rahisi zaidi kuharibu, ukiiambia AI itumie neno fulani mara 15 itatumia mara 15 bila kukuuliza kwa nini.

Hii tabia imetoka wapi

Zamani ilikuwa inafanya kazi, tusidanganyane. Miaka ya 90 injini za kutafuta kama AltaVista zilikuwa zinaangalia sana maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa wenyewe, kwa hiyo ukirudia neno unapanda. Watu wakafika mpaka kuandika maneno meupe juu ya rangi nyeupe, msomaji haoni kitu lakini mashine inasoma. Google ilipokuja mwaka 1998 ikaanza kuangalia na linki, nani anamtaja nani, ila mchezo wa kurudia haukufa, uliendelea miaka na miaka. Mwaka 2006 hata BMW ya Ujerumani ilitolewa kwenye matokeo ya Google kwa muda, kisa kurasa zilizojazwa maneno ya kutafuta magari ambazo mtu akizifungua anapelekwa ukurasa mwingine kabisa. Yakaja mabadiliko ya Google yanayoitwa Panda mwaka 2011 kushughulika na kurasa nyepesi zisizo na kitu ndani, na mengine yanayoitwa Penguin mwaka 2012, na hiyo Penguin kushindilia maneno kulitajwa waziwazi kama moja ya vitu inavyovilenga.

Leo kwenye sheria za Google za spamu kushindilia maneno kupo kwa jina, na mifano wanayoitoa ni ya vitu tunavyofanya sana huku kwetu: kurudia neno moja mpaka sentensi inakuwa ya ajabu, na kujaza orodha ya miji na mitaa unayotaka uonekane. Alafu kile kiwango cha neno lako kuwa "asilimia 2 au 3 ya maneno yote" unachoambiwa na kila mtu, watu wa Google wenyewe wamesema mara nyingi kwamba hakuna namba kama hiyo. Ile taa ya kijani ni ya aliyetengeneza plagini, sio ya Google.

Anza na voice note, maneno ya kutafutwa baadaye

Hapa ndo penye kazi yenyewe. Nilirudia neno mara 31 kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema, sikujua chochote kuhusu visima. Mtu akiwa na habari harudiirudii, anakosa hata nafasi.

Kwa hiyo safari ya pili nilimuomba mzee anitumie mazungumzo ya WhatsApp na wateja wake, akafuta namba na majina, akanitumia. Nikakuta watu wanauliza vitu vilevile. "Habari, gharama za kuchimba kisima Chanika mpaka maji yatoke ni shingapi?" "Mkichimba mkakosa maji hela inarudi?" "Kigamboni kwetu majirani wote wana maji ya chumvi, mimi nitapata ya baridi?" (maji baridi watu wa Dar wanamaanisha maji yasiyo na chumvi, sio ya kwenye friji.) "Mashine yenu inapita kwenye uchochoro?" "Kibali nafuata mimi au nyie?"

Sasa rudi uangalie ile aya yangu ya kwanza. Nimesema bei nafuu mara tatu, na hakuna hata swali moja hapo nililojibu. Mtu anaogopa kuchimba akakosa maji na hela ikaenda, mimi namwimbia bei nafuu.

Nikamrudishia mzee maswali yale yale, nikamwambia ajibu kwa sauti kama anaongea na mteja, nisimpangie. Akatuma voice note za dakika nne nne. Kwamba bei inahesabiwa kwa mita, lakini upimaji unalipiwa peke yake kabla mashine haijafika. Kwamba karibu na bahari ukizidisha kwenda chini unaweza kuikuta chumvi, ndo maana anapima kwanza na hakubali kuchimba kwa kubahatisha. Kwamba kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa sababu Dar iko ndani ya bonde hilo, na sheria yenyewe ni ya mwaka 2009. Kwamba ukipewa bei moja ya kila kitu uulize kama ndani yake kuna kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima), pampu na kusafisha kisima, wengine wanataja bei ya kutoboa tu, wewe unashangilia, mwisho wa siku una shimo.

Hilo la mwisho niliandika karibu kama alivyolisema. Ukipata sentensi kama hiyo kutoka kwa mwenye kazi usiipige pasi.

Kama mteja wako hana WhatsApp ya kukuonyesha, kaa dukani kwake asubuhi moja usikilize wanaoingia wanaulizaje. Kama websaiti ilikuwepo tayari, fungua Search Console, chombo cha Google cha wenye websaiti, ni bure, sehemu ya pafomansi utaona maneno yenyewe watu waliyoandika mpaka wakaiona. Na ukianza kuandika neno kwenye boksi la Google lenyewe linakumalizia, yale mapendekezo yanatokana na utafutaji wa watu kweli, yaandike pembeni. Yale ni maswali ya kujibu. Usiyakopi ukayapesti kama yalivyo.

Neno lenyewe sasa liwekwe wapi

Sisemi usiliweke. Mtu anatafuta kuchimba kisima, ukurasa wako ukiongea "suluhisho endelevu za rasilimali maji" toka mwanzo mpaka mwisho hakuna atakayekuona, na hata akikuona hatajua unauza nini. Mimi naliweka kwenye kichwa cha ukurasa kile kinachotokea Google, kwenye kichwa kikubwa cha juu, na kwenye sentensi moja ya mwanzo mwanzo. Basi. Likitokea tena huko chini lenyewe, litokee.

Kichwa cha kwanza kilikuwa hivi: "Kuchimba Kisima, Kuchimba Visima, Uchimbaji wa Visima Dar es Salaam, Visima Bei Nafuu". Tulikibadilisha kikawa "Kuchimba kisima Dar es Salaam: bei kwa mita, upimaji na kibali". Neno limekaa mara moja, na nafasi iliyobaki inamwambia mtu atakuta nini akibonyeza. Na jua kwamba Google kichwa chako inaweza kukibadilisha yenyewe kwenye matokeo ikiona kimejazwa takataka, usije ukashangaa.

Sasa kuna kitu cha Kiswahili ambacho ushauri mwingi wa SEO (hii kazi ya kufanya websaiti ionekane Google) haukitaji, maana umeandikwa kwa ajili ya lugha nyingine. Sisi tuna ngeli. Ukishasema "kisima" mara moja, ile ki- inakibeba kisima aya nzima:

"Kisima kikishachimbwa kinawekewa kesingi, kinasafishwa mpaka maji yatoke meupe, alafu kinapimwa kinatoa lita ngapi kwa saa. Hapo ndo tunajua kitafaa pampu gani."

Neno kisima liko mara moja tu na hakuna msomaji anayepotea. Ukitaka kujua uzuri wake, jaribu kuliweka kila sehemu: kisima kikishachimbwa kisima kinawekewa kesingi, kisima kinasafishwa, kisima kinapimwa. Hakuna mtu anaongea hivyo, hata mtoto wa chekechea atakucheka. Kwa hiyo ukiona kwenye rasimu yako nomino inajirudia kila sentensi, mara nyingi dawa yake ni kuliondoa uiachie ngeli ifanye kazi, wala huhitaji kuzunguka kutafuta visawe.

Jambo lingine, watu wakitafuta wanaandika kama telegramu. "Fundi friji mwenge." "Kisima bei dar." "Chumba masta sinza elfu 80." Hakuna anayeandika kwa sarufi akiwa na njaa ya kitu. Lakini wewe sio lazima uandike walivyoandika wao. "Tuna fundi wa friji Mwenge, anakufuata nyumbani" inajibu lile swali vizuri tu, na Google wenyewe kwenye mwongozo wao wa SEO kwa wanaoanza wanasema huhitaji kubahatisha kila namna ambayo mtu anaweza kutafuta. Mimi hapo nina tahadhari moja, sijaiamini sana kwenye Kiswahili kama ilivyo kwenye Kiingereza, kwa hiyo huwa nahakikisha umoja na wingi vyote vimetokea mahali fulani kwa njia ya kawaida, kisima na visima, fundi na mafundi. Mara moja moja inatosha. Plagini ninayotumia haijui kwamba kisima na visima ni ndugu, itakulilia neno halipo, iache ilie.

Visawe vina maana pale tu ambapo watu tofauti wanasema tofauti. Mwenye nyumba akitaka wapangaji wa Dar ataandika nyumba ya kupanga, akitaka wa Nairobi au Mombasa nyumba ya kukodisha, hata za kurenti watu wanaandika. Ukihudumia pande zote mbili tumia yote, kila moja kwenye sentensi yake inayoeleza kitu. Ila kuweka "kupanga, kukodi, kukodisha, kupangisha" kwa mstari mmoja ni gunia lile lile, na kupanga na kupangisha wala sio kitu kimoja, mmoja anatoa hela mwingine anapokea.

Orodha ya mitaa

Hii ndo ugonjwa wetu mkubwa. Shuka chini kabisa ya websaiti yoyote ya huduma utakuta: "Tunahudumia Goba, Madale, Tegeta, Bunju, Mbezi, Kinyerezi, Chanika, Kigamboni, Kibada, Kibaha, Bagamoyo..." inaendelea mpaka konda wa daladala anachoka. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanatengeneza kurasa 30 zinazofanana, "Kuchimba kisima Goba", "Kuchimba kisima Bunju", wamebadilisha jina la mtaa tu. Hizo Google ina jina lake, ni kurasa za mlango, na zimekatazwa kama kushindilia kulivyokatazwa.

Tulichofanya sisi ni kuandika sentensi moja ya kawaida kwamba tunafanya kazi Dar yote, Kibaha na Bagamoyo, na nje ya hapo mteja analipia usafiri wa mashine. Alafu tukafungua sehemu ya kazi zilizofanyika. Kila mzee akimaliza kisima anatuma picha tatu na voice note, mimi naandika aya mbili: mtaa gani, udongo ulikuwaje, tulifika mita ngapi, siku ngapi, maji yalikuwa ya chumvi au baridi, na shida iliyotokea kama ipo. Ya Goba ina jina la Goba kwa sababu kisima kiko Goba. Mtu wa Goba akiisoma anapata kitu cha kweli kuhusu ardhi ya kwao, tena anamwamini mzee kabla hawajaongea. Jina la mteja na nyumba yake usiviweke, mtaa unatosha.

Pembeni kote kule ambako hatuangalii

Ukishasafisha aya utajiona umemaliza, kumbe uchafu umebaki kwenye picha. Zile picha zangu 12 zote zilikuwa na maelezo "kuchimba kisima Dar es Salaam bei nafuu". Yale maelezo ya picha yanasomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona, sasa fikiria mtu amekaa anasikia hiyo sentensi mara 12. Andika kilichopo: "Mashine ikitoboa uani, nyuma ya nyumba, bomba la maji ya matope linaelekea mtaroni." Ukishindwa kuelezea picha basi labda hiyo picha haina kazi.

Kile kiboksi cha maneno ya meta, yale maneno ya kutafutwa yanayofichwa kwenye kodi ya ukurasa, kama mfumo wako bado unacho, kiache kitupu. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo, na bado nakutana na watu wanalipwa kukijaza. Yale maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo ni tofauti, hayakupandishi lakini ndo yanamfanya mtu abonyeze, kwa hiyo yaandike kama unamjibu: bei inahesabiwaje, tunaanza na nini.

Na lile jina kwenye ramani ya Google. Kama kibao cha ofisini kimeandikwa jina fulani, liwe hilo hilo. Ukiongeza "Kuchimba Visima Bei Nafuu Dar" mbele ya jina unavunja masharti yao, profaili inaweza kusimamishwa na maoni yote ya wateja yakapotea nayo machoni pa watu. Mzee nilimkuta ameshafanya hivyo kwa ushauri wa mtu, tukarudisha haraka.

Kabla hujaweka hewani

Jirekodi ukisoma ukurasa mzima kwa sauti, kwenye WhatsApp tu, ujitumie mwenyewe. Usikilize kesho yake. Pale ambapo ulimi uliharakisha ili upite, hapo ndo umeshindilia. Mimi hii inanisaidia kuliko programu yoyote, macho yanazoea ila masikio hayazoei.

Alafu bonyeza Ctrl na F, andika neno lako, pita moja moja. Kila unapolikuta lifute kwa muda usome sentensi bila hilo neno. Kama maana imebaki, lisirudi. Kama sentensi imekufa, jiulize ilikuwa inasema nini zaidi ya hilo neno, mara nyingi utakuta hamna, futa sentensi yote. Ule ukurasa wetu ulitoka mara 31 ukaja mara 6, na hizo 6 sikuzipanga, nilihesabu baadaye kwa udadisi. Na ukawa mrefu zaidi ya wa mwanzo, maana sasa kulikuwa na cha kusema.

Kama una websaiti ya zamani iliyoshindiliwa, usianze kuogopa wala kununua domeni mpya. Ingia Search Console uangalie sehemu ya adhabu za mkono (Manual actions), zile zinazotolewa na mtu wa Google baada ya kukagua. Kama kuna ujumbe, rekebisha kurasa zote kwanza, sio moja, ndo uombe wakague upya. Kama hakuna ujumbe hakuna cha kuomba, rekebisha usubiri, inaweza kuchukua siku chache au hata miezi kabla mabadiliko hayajaonekana. Mwambie mteja hivyo mapema, kabla hajalipa, maana yeye anadhani ni kama kubadilisha balbu.

Baada ya hapo rudi Search Console kila mwezi hivi uone watu wanaingia kwa maneno gani. Sisi tulianza kuona watu wanafika kwa kuandika vitu kama kisima kukauka na pampu kuvuta mchanga, na ukurasa wetu ulikuwa haujagusa hayo. Kishawishi ni kuyachomeka kwenye ukurasa wa bei, mstari hapa mstari pale, na hapo unaanza tena lumbesa. Tuliyafungulia ukurasa wake, nikamtumia mzee maswali sita. Alirudisha voice note kumi na moja, ya mwisho anamlaumu fundi aliyemtangulia kwenye kisima fulani, hiyo nimeiweka pembeni.